Nguzo Niliyoikata Kanisani

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikapata nafasi ya kulipamba. Nilikata nguzo iliyobeba dari ya kanisa letu, na nilipogundua nimekosea nikanyamaza. Jina langu sitalitaja. Wa kanisani watanijua, na wana haki.

Hapa Johannesburg Wakongo wenzangu waliniita Architecte. Sikuwahi kusomea usanifu wa majengo. Kule Lubumbashi nilikaa miaka sita kwenye ofisi ya msanifu mmoja nikinakili michoro yake, na huku nikawa fundi wa kubandika vigae. Lakini Pasta alipoanza kuniita hivyo mbele ya watu, sikukanusha. Jamani, lilikuwa jina tamu!

Mwaka 2017 tulipanga ghorofa ya pili ya kiwanda cha nguo cha zamani sana, katikati ya jiji, iwe kanisa letu. Kilikuwa na nguzo nyembamba za chuma, zenye nakshi za maua huko juu. Moja ilisimama mbele ya madhabahu ikawaziba watu. Nyuma yake alikaa Mama Furaha, mjane mshonaji, jirani yetu kwenye mtaa wa La Rochelle. Kila Jumapili alinyoosha shingo mpaka namwonea huruma.

Pasta akaniuliza kama nguzo ile inaweza kuondoka. Nikaigonga kwa nyundo, ikalia kama sufuria tupu. Kwetu nguzo ni zege lililojaa mpaka ndani. Sikuwahi kuona nguzo iliyo tupu, nikamwambia ni pambo tu, au labda bomba la zamani la maji ya mvua. Mwenye jengo hatukumuuliza. Nikaikata kwa grinda, nikachora mchoro wa kanisa jipya, ukatundikwa ukutani na jina langu chini yake.

Mama Furaha akahamishia kiti chake palepale nguzo ilipokuwa. Akanishika mikono yote miwili. "Architecte, Mungu akubariki. Sasa namuona Pasta muzuri."

Miezi miwili baadaye mlango ukaanza kukwama. Nikaupiga randa. Kisha nikaona ufa darini, unaanzia pale nilipokata. Nikauziba kwa plasta, nikapaka rangi, ukarudi. Wiki moja sarafu ya randi tano ilikataa kuingia kwenye ufa ule. Wiki iliyofuata iliingia.

Hapo ndipo nilipojua hofu ni nini! Juu yetu palikuwa na ghala la mitumba, marobota yamepangwa mpaka kwenye dari yao. Na ibada zetu mnazijua, hatusifu tumekaa. Ngoma zikianza, vumbi jeupe lilidondokea kitambaa cha kichwa cha Mama Furaha, naye akalipangusa huku akiimba.

Kwa nini sikusema? Nilijiambia sina hakika. Nilijiambia sisi ni watu wa karatasi za ukimbizi, tutafukuzwa kwenye jengo. Ukweli ni kwamba nililipenda lile jina.

Na nikafanya jambo linaloniaibisha kuliko kukata kwenyewe. Nilimwambia mke wangu tuhamie viti vya mwisho, karibu na mlango, eti mbele kuna joto.

Mke wangu si mjinga. Jumapili ya tatu aliniona siondoi macho darini, akanivuta mpaka kwenye ngazi pamoja na mtoto wetu Neema, akaniuliza ninaogopa nini. Nikamwambia yote. Nilidhani atambeba mtoto waende zao nyumbani.

"Sisi umetuhamisha," akasema. "Na Mama Furaha?"

Akaniachia Neema mkononi. Akarudi ndani, akapita katikati ya viti, akaenda kukaa kando ya Mama Furaha, chini ya ufa.

Wapiga ngoma walikuwa wanakaza ngozi. Ole wangu! Sijui nilifikaje mbele. Nilimwacha mtoto kwa mzee wa mlangoni, nikachukua kipaza sauti kwa Pasta, nikasema: "Ile nguzo ilikuwa inabeba. Nimekosa mimi. Tushuke polepole, waanze waliokaa katikati."

Wakashuka. Hakuna aliyeumia. Kesho yake mhandisi aliletwa, akaweka mihimili ya muda na kulifunga jengo. Alinieleza kwa upole, kana kwamba anaongea na mgonjwa, kuwa nguzo za chuma za enzi zile ziliundwa tupu ndani makusudi, na bado zinabeba ghorofa nzima.

Sasa tunasali kwenye ukumbi wa shule. Mchoro wangu hakuna aliyeubeba tulipohama. Architecte hakuna anayeniita. Mama Furaha aliniuliza swali moja tu: "Lile vumbi kwenye kichwa yangu, ulikuwa unaliona?" Nikajibu ndiyo. Tangu hapo ananisalimia vizuri, ananiita monsieur, yaani bwana, kama mgeni. Mke wangu anakaa naye kila Jumapili, mimi nakaa peke yangu upande wa pili. Nikiingia jengo lolote, kwanza naangalia juu.

Wewe fundi, dereva, muuguzi, yeyote unayejua pamekosewa na umenyamaza, usijidanganye kama mimi kwamba huna hakika. Angalia umewakalisha wapi watoto wako. Kama umewasogeza karibu na mlango, hakika unayo.