Veronika na Rashi ya Sayari

Veronika Machage alikuwa mjane mwenye karasha, na katika Nyamwaga ya miaka ile ya rashi, watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu, mwenye karasha alisalimiwa kabla ya mwenye duka. Wachimbaji walimletea mawe kwenye viroba, mashine hiyo ikayasaga kwa kelele ya kufukuza ndege, na unga wake ukaoshwa pale pale mwaloni, penye madimbwi ya kuoshea dhahabu, nyuma ya banda. Alikuwa na sauti nzito, shamba la migomba lililoteremka mpaka kijitoni, na tabia ya kumwambia mtu amekosea kabla mtu mwenyewe hajamaliza kukosea.

Fundi wake alikuwa Oduol, Mjaluo wa Migori, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mchana, injini ya karasha ilipopata joto, ilibidi ipumzishwe, na Oduol alipumzika pamoja nayo. Alikaa kivulini, akafungua kompyuta yake, akacheza mchezo wa himaya za angani. Katika mchezo huo kila mtu anaanza na nyota moja. Anatuma meli, anatafuta sayari, anaweka watu, analima, anachimba, anaunda silaha, na mwishowe anagombana na majirani. Unacheza zamu yako, kisha unasubiri wenzako.

Mwanzoni Veronika alidhani ni mambo ya injini. Alipogundua ni vita, alivuta kigoda.

"Fundi, huku nyumbani kwako analinda nani?"

"Hakuna mtu, mathe. Meli zote ziko mbele."

"Na hawa wekundu wa hapa kando?"

"Hao ni marafiki. Tuko na mkataba."

"Marafiki wenye meli nyingi namna hiyo wanakwenda wapi?"

Chai ilikuwa haijapoa wale marafiki walipoiteketeza nyota ya Oduol. Akaitazama skrini, kisha akamtazama tajiri wake. "Kwani wewe umewahi kucheza hii?"

"Nimewahi kuolewa kwenye boma la wake watatu," Veronika alisema. "Sogea."

Tangu siku hiyo walicheza wote wawili kwa zamu kwenye kompyuta ileile. Mchezaji wa tatu aliongezeka mwenyewe. Huyo ni Heche, mdogo wa marehemu mume wa Veronika. Heche alikuwa na duara lake mlimani, shimo la dhahabu ambalo mpaka wakati huo lilikuwa limetoa maji tu. Alikuja kuomba pampu, akaona sayari, akasahau pampu.

Kila mmoja alikuwa na imani yake. Oduol aliamini meli kubwa. Aliweka mali yake yote katika meli moja ya kutisha, akaizungusha angani kama dume la ng'ombe mnadani, na ilipoharibika alianza upya bila kujifunza lolote. Heche aliamini uchimbaji. Kila sayari aliyoipata aliitoboa pande zote, na kompyuta ilipomwonya kwamba watu wake wana njaa, alibonyeza kitufe cha kuliondoa onyo. Chakula chote cha himaya yake kilitoka kwenye sayari moja ndogo ya kijani, aliyoiita Gorong'a kwa sababu mama yake alizaliwa huko.

Veronika aliamini ghala. Alikuwa akisema himaya ni tumbo, na meli ni meno tu. Hakuchukua sayari ya pili kabla ya ya kwanza kushiba. Hakutangaza vita na mtu mmoja kabla hajampelekea zawadi mtu mwingine. Na aliwadharau wanaokimbilia sayari za mbali. "Utailinda na nini?" alimuuliza Oduol. "Utakuwa unapita tu kama mtu anayekagua mitego." Wachimbaji waliosubiri mawe yao yasagwe walisimama nyuma yake wakimsikiliza kwa adabu, na mmoja wao alikiri kwamba maneno hayo yalimsaidia kupatana na wakwe zake.

Basi siku moja Heche akapata sayari ya ajabu. Ilikuwa nyekundu, kando kabisa, na kompyuta ilionyesha madini kiasi ambacho hata Oduol hakuwahi kukiona. Heche hakuipa jina. Aliiita Sayari tu, kama mtu anavyosema Mama. Alitoka bandani akaenda moja kwa moja kilabuni, na huko akawanunulia watu pombe.

"Imetema!" alisema. "Sayari imetema. Ukigusa tu, dhahabu."

"Sayari iko wapi?" wakamuuliza.

"Si kwa shemeji Veronika? Pale pale bandani."

Veronika alipoamka aliwakuta wanaume wenye masururu na machepe katikati ya migomba yake. Wengine walikuwa wamekwisha kufunga maturubai. Mama mmoja alikuwa amewasha jiko anakaanga maandazi. Mbele yao alisimama mtu mrefu, mpole, aitwaye Mseti, aliyekuwa ameongoza rashi nyingi na hakuwahi kutajirika katika hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnafanya nini kwenye shamba langu?"

"Tumekuja Sayari, mama."

Veronika alicheka mpaka akashika mgomba. Kisha akamweleza, kama mtu anayemweleza mwana wa dada yake. Alisema ile sayari haipo hapa. Ipo ndani ya kompyuta.

Mseti akaitikia kwa kichwa taratibu. "Tunajua, mama. Hata wenye migodi mikubwa huwa wanaiona kwenye kompyuta kwanza."

"Iko angani, baba!"

"Ndiyo. Wanapiga picha kwa setilaiti."

"Ni mchezo!"

Mseti akainamisha macho kwa heshima. "Mama, na mimi ningekuwa na dhahabu shambani ningesema hivyo hivyo."

Veronika akampeleka bandani, akamwonyesha. Mseti akaikaribia skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaiona ile sayari nyekundu, na alama za mashimo na watu wa Heche zimejaa kila upande.

"Hawa wote ni watu wa nani?"

"Wa Heche."

"Wangapi?"

"Milioni nne," alisema Oduol, ambaye alikuwa mkweli kupita kiasi.

Mseti akapiga mluzi. Akatoka nje akawatangazia wenzake kwamba wasikate tamaa kwa kutoona kitu, ila wachimbe haraka, maana Heche ametangulia na watu milioni nne.

Habari hiyo ilimfikia Mzee Simioni, mwenyekiti wa kitongoji, naye akaja na fimbo yake kumtafuta Heche. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai, maana wachimbaji walikwisha kumpa kiti.

"Mura, kijana wangu, nasikia umeleta watu milioni nne bila taarifa."

"Hawako hapa, mzee. Wako Sayari."

"Sayari iko kitongoji changu. Wana vyoo?"

Heche akayahesabu majengo yake kichwani. Katika mchezo ule kulikuwa na viwanja vya meli, maabara na kambi za jeshi, lakini vyoo havikuwepo. Mzee Simioni alimtazama kwa masikitiko ya kweli, akamwambia watu wote hao bila choo ni kipindupindu, na akaondoka kwenda kutafuta ushauri.

Jambo lililomshangaza Veronika kuliko yote ni jinsi Heche alivyobadilika. Mtu aliyejua vizuri kwamba dhahabu yake ni picha alianza kugawa viwanja. Wachimbaji walimwendea kofia mkononi, naye akawaambia, "Wewe chukua kaskazini mwa Sayari. Wewe chukua ile bahari iliyokauka." Waliridhika, wakaenda kuchimba kaskazini mwa migomba. Mtu mmoja alimletea beberu. Heche alimpokea beberu akiwa na uso wa mtu aliyezoea kupokea mabeberu.

"Shemeji," Veronika alimwambia, "waambie ukweli waniachie shamba."

"Ukweli upi, shemeji? Sayari si yangu?"

"Ni yako. Kwenye mchezo."

"Basi ni yangu," alisema Heche.

Migomba ilizidi kuanguka. Kukawa na genge la nyama choma, fundi viatu, na mhubiri aliyefungua kanisa chini ya turubai la bluu. Bodaboda walikuwa wakiita abiria wa "Sayari, Sayari" kutoka barabarani. Veronika akachoka kusema ukweli. Kila alivyousema, watu waliongezeka.

Ni Mseti aliyeleta njia bila kujua. Alikuja analalamika kwamba Heche anawapendelea walevi wenzake, na wao wanabaki na mawe matupu. "Mama, wewe una utaratibu. Mnyang'anye. Tukiwa chini yako tutapata haki."

Veronika akaona kwamba Sayari ikiwa yake, watu hao watamsikiliza yeye. Kisha akamwita Oduol. "Fundi, zima karasha. Leo tunapigana."

Siku ile kazi ilisimama mwaloni kote. Watu walijaa bandani mpaka wengine wakapanda juu ya viroba vya mawe. Heche alikuja na beberu wake kamfunga kamba. Oduol, ambaye alikuwa amekwisha kuangamia siku nyingi na hakuwa na nchi tena, alikubaliwa kuwa mtangazaji.

"Mathe, tuma meli zote Sayari!" alimshauri. "Mpige kichwani!"

"Nyamaza. Ndiyo maana huna kwenu."

Veronika hakuigusa Sayari. Alituma meli zake ndogondogo zikaizingira Gorong'a, ile sayari ya kijani ya chakula. Hakurusha risasi hata moja. Alikaa tu njiani. Zamu ya Heche ilipofika, onyo la njaa lilitokea, naye akaliondoa. Likatokea tena, akaliondoa. Huko nje maneno yalipita haraka, na baada ya chakula cha mchana wakafika wazee watatu wa Gorong'a yenyewe, kwa pikipiki moja, wakitaka kujua kwa nini Veronika wa Nyamwaga amewazingira wakati hawajamkosea kitu. Wakapewa chai na nafasi ya mbele. Waliitazama sayari yao kwa kitambo, mmoja akasema ni kijani kweli, na wakakaa mpaka mwisho.

Jua lilipoanza kulegea watu wa Sayari walimwasi Heche. Oduol alisoma maneno ya skrini: raia wamefukuza gavana, na wanaomba kuwa chini ya himaya ya Veronika. Banda lililipuka kwa vigelegele. Mseti alilia. Heche aliiachia kamba ya beberu.

Veronika akabonyeza Sayari, ili aone alichokipata. Akasoma. Akamwita Oduol asome na yeye. Katika sehemu ya madini palikuwa na sifuri. Heche, kwa kutoboa pande zote, alikuwa ameimaliza.

Hapo Veronika akasimama, akageuka, akawaambia watu wote maneno ambayo hakuwahi kuyafikiria katika muda wote aliohangaika kuwaeleza.

"Jamani, Sayari imeisha. Heche ameichimba yote."

Mseti akaja mbele, akatazama ile sifuri, akavua kofia. "Imeisha kweli?"

"Imeisha, baba. Mmechelewa."

Hakuna aliyebisha. Kuambiwa kwamba dhahabu haijawahi kuwepo ni jambo ambalo mchimbaji hawezi kulipokea, lakini kuambiwa kwamba wengine wamewahi kabla yake ni jambo analolifahamu vizuri. Maturubai yakaanza kufunguliwa. Mama wa maandazi akazima jiko. Mseti alimshukuru Veronika kwa uaminifu wake, akasema matajiri wengi wangewaacha waendelee kuchimba bure, akabeba sururu lake akaondoka na wenzake kuelekea walikosikia kuna rashi mpya.

Heche alinuna, akajificha kwa jamaa zake huko Turwa. Aliporudi, Veronika hakumgombeza. Alimpa toroli na kumwonyesha mashimo waliyoyaacha wachimbaji shambani. Heche akayajaza samadi moja baada ya jingine, na kwa kuwa yalikuwa marefu kuliko shimo lolote la mgomba ambalo mkulima mwenye akili angelichimba, migomba iliyopandwa mle ilikuja kuzaa mikungu ya kuinamisha shina. Watu walisimama barabarani kuitazama.

Ila Veronika alikuwa na mzigo mwingine. Milioni nne wale walikuwa wake sasa, na hawakuwa na chakula wala madini. Kila mchana, injini ilipopumzika, aliwatumia meli za nafaka kutoka ghala lake, na himaya yake ikawa inakonda.

"Waachilie, mathe," Oduol alimwambia. "Hiyo sayari ni hasara tupu."

"Waliniomba wenyewe. Nitawajibu nini?"

Aliwalisha mpaka waliposimama, akawafundisha kulima, yaani aliwajengea mashamba, na siku walipojitosheleza alitafuta kitufe cha kuwapa uhuru wao. Oduol alisikitika sana. Alisema katika maisha yake yote hajaona mtu akishinda vita halafu anairudisha nchi.

"Nchi gani?" alisema Veronika, akiinuka kwenda kuwasha karasha. "Ni shimo. Na mimi mashimo ninayo nyuma ya nyumba."