Siku Nilipoonyesha Saloni Yetu kwa Parokia Nzima

Kuna watu wanaona aibu asubuhi, jioni imeshapita; mimi yangu bado inanifuata, na nikikutana na mtu wa mtaa wetu wa Kampemba wa miaka ile navuka njia, najifanya natafuta kitu ndani ya kikapu.

Nilikuwa mwanafunzi wa filamu na televizyo (ndiyo, chekeni: nchi inaanguka, mishahara haitoki, unga umekuwa dhahabu, na mimi Ngoie niko nasoma namna televizyo inavyobadilisha jamii). Askari walikuwa wameshapora mji, raia wakaingia nyuma yao, maduka yakabaki kuta tupu. Profesa akatupa kazi: kila mmoja arudi kwao, apige filamu ya familia yake ikitazama televizyo, halafu aeleze inasema nini juu ya jamii yetu. "Musipige picha ya bantu tu," akasema. "Vitu pia vinasema."

Nyumbani, kwa bahati, saloni yetu, chumba cha kukalisha wageni, ilikuwa imepata televizyo. Papa, mtu wa reli ambaye hakuwa amelipwa siku nyingi, alisema rafiki yake aliyehamia Kipushi ndiye aliyemwachia. Kwa nini nisiamini? Kila Jumapili ni yeye aliyesoma somo la kwanza kanisani. Ubavuni mwa ile televizyo mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari: KAVIRA. Nikamuuliza Papa ni nini, akajibu bila kunitazama: "Iko jina ya fabrike." (Chuo kikuu chote kile, jamani, na nikaamini kuna kiwanda kinachoandika jina lake kwa msumari.)

Filamu ilikuwa ya macho ya profesa peke yake, na Papa alikubali kwa sababu hiyo. Lakini nikaona haya, kazi nzuri hivi itazamwe na mtu mmoja? Nikamwomba padri ukumbi wa parokia na mashine ya kaseti za video, nikaalika majirani, kisha nikaenda mwenyewe kumwalika Papa Kambere, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akiuza sukari na chumvi kwa jumla mpaka depo yake ya bidhaa na nyumba yake viliporwa. Mke wake na binti yao mdogo, ambaye sisi tulimjua kwa jina la Bebe tu, alikuwa amewarudisha kwao Kivu. Nikamweka mstari wa mbele, kando ya Papa.

Papa alipoona watu wanajaa alinivuta mkono. "Ngoie, kichwa inaniuma, turudi nyumbani." Nikamwambia avumilie kidogo, atajivunia.

Nikashika mikrofoni. Picha ikaanza kutembea polepole ubavuni mwa televizyo yetu, herufi moja baada ya nyingine, na mimi nikasema, "Tazameni, hapa ndipo vitu vinaanza kusema ukweli." Ukumbi ukanyamaza. Nikadhani wameguswa. Papa Kambere akasimama, nikadhani anataka kunipongeza, nikampisha.

"Mutoto wangu, simamisha hapo."

Nikasimamisha, tena kwa furaha.

"Kavira ni Bebe wangu," akasema. "Nilimupiga sababu ya ile musumari, alikwaruza nayo televizyo yangu. Alilia siku muzima."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Endelesha! Tuone na frigo yao iko ya nani!" Watu wakaangua kicheko, wengine wakatafuta mlango haraka (si sisi peke yetu tuliokuwa na vitu vipya mtaani), na mimi, mdomo juu ya mikrofoni iliyowashwa, nikasema, "Lakini Papa, si ulisema iko ya fabrike?"

Afadhali ningeumeza ulimi.

Papa alisimama, kofia kifuani. "Askari alichoka nayo, akaiacha mu njia. Miye nikabeba. Nilijua iko yako, Kambere."

Papa Kambere hakumgeukia. "Mubaki nayo. Musizime kwanza, niangalie."

Lakini ile mashine haikuweza kushikilia picha muda mrefu. Ikajiendesha yenyewe, jina likapita, tukatokea sisi kwenye saloni, Mama, wadogo zangu na Papa, tukicheka mbele ya televizyo ya mtu. Hakuna aliyecheka tena pale ukumbini.

Kesho yake Papa aliipakia juu ya mkokoteni, akausukuma mchana kweupe mpaka depo. Papa Kambere akaipokea, akampa kiti, wakakaa. Baadaye Papa Kambere akaondoka kwenda kwao Kivu. Papa hakusoma tena kanisani. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Na profesa akanipa alama za juu kuliko wote, akasema nimeelewa uhusiano wa televizyo na jamii. Nyumbani sikusema.

Tangu hapo sijaonyesha nyumba ya mtu kabla mwenyewe hajaitazama akasema ndiyo, na ya kwetu sitaipiga tena kamwe. Papa hakunigombeza hata siku moja. Angenigombeza, labda ningepata pa kuanzia kumwomba msamaha.