Sanduku la Misheni Lililokaliwa na Bi Maua

"Maua, shuka kwenye hilo sanduku!"

"Sishuki! Sasa ni kiti changu. Na usiniitie polisi, niitie kahawa!"

Aliyepiga kelele ni Mwalimu Elieza, kutoka Rungwe. Aliyekalia sanduku ni jirani yangu Bi Maua, mama wa Kiislamu mwenye mwili wa kutosha. Ndani ya sanduku mna vitabu vya nyimbo na kikombe cha meza ya Bwana.

Na mimi Limbu nipo katikati, jasho linanitoka, nimekatazwa kucheka.

Ngoja niwape mkasa wote.

Tabora, enzi za Mwingereza. Kanisa letu lilikuwa linatuma vijana kwenda kuhubiri Kongo, na kundi lilitaka kiongozi. Niliitaka ile nafasi kuliko mke. Mama alishanitangaza mpaka kisimani.

Mwalimu Elieza akaletwa kutufundisha uongozi. Somo lake kubwa: kiongozi hacheki mbele ya wageni.

Basi tunapangwa mstari, anatutekenya shingoni kwa unyoya wa kuku. Damas akacheka, akafutwa. Sylvester akapiga chafya, naye akafutwa, eti kicheko kimepitia puani.

Nikabaki mimi.

Mtihani wa mwisho: tubebe mizigo kichwani, tuzunguke mji kama vile tuko Kongo, mimi mbele na filimbi. Mizigo yote ikifika kanisani, uongozi wangu.

Tukapita uani kwa Bi Maua. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, akalinyakua sanduku kichwani kwa mwenzetu, akaliweka chini, akalikalia.

"Nyie Wanyamwezi! Mnakatiza kwangu bila hodi, nyuso kama mnakwenda kuzika? Mali yangu hii!"

Mumewe ni Mzaramo. Wazaramo na sisi ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Mtani akichukua kitu chako, hukasiriki. Unamchamba, anakuchamba, mnacheka, anarudisha. Usipojibu, ndiyo kimekwenda.

Mwalimu Elieza, mtu wa Rungwe, angejulia wapi?

"Mwizi!" akafoka.

"Mwizi shemeji yako!"

Mnauona mtego? Nikitania, nimecheka, nafutwa. Nikinyamaza, sanduku halifiki, nafutwa.

Bi Maua akaanza kuimba. Akaomba aletewe mto.

Uzalendo ukanishinda. Nikaingia jikoni kwake, nikaipua sufuria ya wali, nikajitwika.

"Bi Maua, sanduku chukua! Mumeo akirudi mchemshie vitabu vya nyimbo, Wazaramo hawachagui!"

Akaangua kicheko mpaka akateleza kutoka kwenye sanduku. "Rudisha wali wangu, mbeba pembe wee!"

Nikacheka hadi machozi.

"Limbu, umefutwa," Mwalimu akasema. "Kongo huiwezi. Huwajui watu wa kule."

Bi Maua akainuka, mwiko mkononi. "Kongo ipi?"

"Tunakwenda kuhubiri huko, mama," nikamwambia.

"Mume wangu ndiye Mzaramo. Mimi Mmanyema. Bibi yangu alikuja na msafara akitokea huko huko Kongo." Akamgeukia Mwalimu. "Kumbe mnajifunza kuja kwetu, na salamu yenyewe ndiyo 'mwizi'?"

Mwalimu akafungua mdomo ajibu.

Tumbo lake likamtangulia, likanguruma muungurumo mrefu, kama gari moshi linaingia stesheni. Akajikaza. Midomo ikamcheza. Akapasuka kwa kicheko, yeye mwenyewe, mwenye unyoya!

"Filimbi baki nayo, Limbu," akasema akijifuta macho. "Utaongoza wewe. Mimi ningewafikisha polisi, si Kongo."

Na kweli niliongoza, nikarudi salama.

Vijana mnaojiandaa kwenda kuhubiri ugenini, nawaambia: anzeni na jirani. Mjueni ni nani, mpigieni hodi, chekeni naye. Msipomuweza huyo, nauli ya nini?

Siku ile wali ulirudi, Bi Maua akatandika mkeka uani; sote tulishakaa, tumeizunguka sufuria. Mwalimu Elieza bado kasimama juani, kakumbatia sanduku lake.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Maua akasogea kumpisha.

"Karibu, mtani wa leo leo. Weka sanduku chini, nawa, ule."