Saa ya Kusomewa

Cheti changu cha kuhudumia jamii mbalimbali ninacho mpaka leo. Nimekitandika kabatini chini ya sahani. Watoto wangu hunicheka, wanasema, mama, si ukitundike ukutani kama watu wengine? Nitundike nini mimi? Ngoja niwaeleze kilivyopatikana, halafu mseme wenyewe.

Miaka ya themanini ndiyo kwanza imeanza, nami nilikuwa msimamizi wa maktaba ndogo mjini Kitui. Palikuwa na ukumbi wa rafu na meza, na nyuma yake chumba kitupu kisichokuwa na kazi. Wasomaji wangu walikuwa walimu, makarani, wanafunzi waliokimbia jua, na mabinti wa Kiislamu wa pale mjini waliosoma Kiswahili kwa kasi kuliko mimi niliyekisomea chuoni. Siku za soko akina mama wa mwethya walipita mlangoni. Mwethya ni kile kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu na kuchimba matuta pamoja. Hawakuingia. Wangeingia kufanya nini, wakati wengi wao hawakujua kusoma?

Siku moja kiongozi wao akaingia tu. Mama mrefu, sauti ya kuamrisha, kikapu cha kiondo mgongoni. Akazitazama rafu kutoka juu mpaka chini.

"Mwanangu, hivi vyote vinasema nini?"

"Vinasema mambo mengi, mwaitu." Mwaitu ni mama, na kila mtu alimwita hivyo.

"Basi tuambie kimoja."

Nikawafungulia kile chumba cha nyuma. Tangu hapo, kila siku ya soko wakishauza vitu vyao, nikawa nawasomea. Nilichagua hadithi ya mwanaume aliyemwacha mkewe nyumbani akaenda Mombasa kutafuta kazi. Nasoma ukurasa kwa Kiswahili, kisha naugeuza kwa Kikamba. Wao wamekaa sakafuni, miguu wameinyoosha, wanasuka viondo. Na kila nikitua, wote wanaitikia: "Ii!" Kwetu, mtu akikuambia jambo nawe ukanyamaza, umemkataa. Kwa hiyo waliitikia, na waliitikia kwa nguvu za watu wanaochimba matuta.

Wengi wao walikuwa na waume huko Mombasa na Nairobi, na wengine waume hao hawakutuma hata salamu. Ndiyo maana yule mwanaume wa kitabuni walimpokea kama shemeji mkorofi. Walimtukana! Akinunua viatu vipya, chumba kizima kinaguna. "Wuui, na watoto wanakula nini?" Mwaitu hakumtukana. Yeye aliuliza swali moja tu kila tukimaliza: "Atarudi?" Nami nikamjibu, tutasikia.

Mkuu wetu wa maktaba za mkoa alipita siku moja na kamera shingoni. Akatabasamu, akatupiga picha, akasema hii ndiyo huduma. Nilifurahi, mjinga mimi.

Halafu mkubwa mmoja wa serikali akapita nje siku ya soko, akasikia wanawake wakiitikia kwa sauti moja ndani ya jengo la umma. Nyakati zile watu hawakukusanyika hivi hivi bila leseni. Kesho yake mkuu wangu akaja, bila kamera.

"Unaendesha mkutano humu."

"Nasoma kitabu, bwana."

"Maktaba ni mahali pa kimya. Na tena wewe huna mafunzo ya kuhudumia watu wasiojua kusoma. Ukiyapata, utarudi uifungue hiyo saa yako."

Nitarudi? Kutoka wapi? Ndipo nikaambiwa nimehamishiwa Makindu, na gari linanisubiri. Ala! Hata nguo zangu kwenye kamba zilikuwa bado mbichi. Kitabu tulikuwa tumefika pale mwanaume amesimama stesheni ya Mombasa, sanduku mkononi, treni imeshapiga honi. Nilimwachia mama mmoja wa kanisani ujumbe awapelekee: nimehamishwa kwa nguvu, nitarudi.

Makindu nilipewa chumba kando ya barabara kuu. Wasafiri walishiba chakula cha bure kwenye hekalu la Makalasinga, kisha wakaja kusinzia kwangu, magazeti usoni. Sikuwachukia hao. Niliyemchukia ni mkuu wangu. Kila mwaka niliomba kwenda mafunzo, kwa sababu mafunzo ndiyo yalikuwa njia yangu ya kurudi kwa wale akina mama, na kila mwaka walikwenda watu wake. Alikwenda mpwa wake. Alikwenda karani wa mafuta ya gari. Haki ya Mungu, karani wa mafuta akahudumie jamii gani?

Watoto wangu walikuwa wameshaingia sekondari nilipoitwa. Semina ilikuwa Nairobi, hoteli yenye mazulia. Mwalimu wetu alikuwa dada kijana aliyerudi kutoka ng'ambo, mpole, mwenye nia njema, na sina neno naye. Alizima taa akatuonyesha picha ukutani. Akasema, sasa tuone mbinu ya kisasa ya kuwafikia wasiosoma, inaitwa usomaji wa pamoja.

Na hao hapo ukutani, wanawake sakafuni na viondo vyao! Mwaitu mbele, mdomo wazi, katikati ya "ii". Pembeni kabisa, pale picha ilipokatwa, mkono umeshika kitabu. Mkono wangu. Dada akaeleza kwamba mkuu wetu aliibuni mbinu hiyo mwenyewe, akaiwasilisha ng'ambo, ikasifiwa sana. Mkuu mwenyewe alikuwa ameketi meza ya mbele, anaangalia kucha zake.

Nikasimama. "Mwalimu, naomba kuuliza. Saa hiyo ya kusoma ilifungwa na nani?"

Mkuu akacheka kidogo. "Huyu mama ametoka mbali, amechoka. Twendeni chai."

Watu wakaenda chai, nami nikaachwa na viti. Jioni nikapewa cheti kwa mkono ule ule ulionifukuza, nao ukanipigia makofi.

Nilirudishwa Kitui, hilo nisimnyime. Chumba cha nyuma nikakifagia. Lakini siku ya soko ilikuja ikapita, nyingine ikaja ikapita, na hakuna aliyeingia. Nikauliza, nikaambiwa mwethya ule ulivunjika, wengine wamekufa, na mwaitu amehamia Zombe kwa binti yake. Nikachukua kile kitabu, nikamfuata.

Nilimkuta nje ya duka la bintiye, anasuka. Macho yalikuwa yamefifia, ikabidi nijitaje.

"Mtu wa vitabu?" akasema. "Tulikuja, siku ya soko iliyofuata. Tukamkuta askari mlangoni. Akasema kuna karatasi imebandikwa, tuisome." Akacheka bila furaha. "Sisi! Tuisome! Wenzangu wakasema umechoka na vumbi la miguu yetu."

"Mwaitu, nilihamishwa. Nilituma ujumbe."

"Haukufika."

"Sasa nimepata ruhusa. Nimesoma, nina cheti. Mnaweza kuja."

"Tuje na nani?"

Nikaketi chini pale mavumbini, miguu nikainyoosha kama walivyokaa wao, nikafungua kitabu pale stesheni. Nikasoma mwanaume akipanda treni. Nikasoma akishuka, akitembea mpaka kwenye ua wa mkewe, akiweka sanduku chini. Alikuwa amerudi, mwaitu, amerudi! Nikageuza kwa Kikamba, polepole, vizuri kuliko nilivyowahi kugeuza. Nikatua, nikangoja.

Mwaitu aliendelea kusuka. Hakuitikia.