Kupanda Rurambo Wawili Tu

Tuliondoka Uvira kwa sababu mbili, joto na Kalemie, na mpaka leo sijui ni ipi iliyokuwa ikituchoma zaidi.

Joto letu linajulikana. Mwezi wa tisa, mvua ikiwa bado haijakumbuka njia, mabati ya Uvira huwapika watu, na ziwa lipo pale pale mbele ya macho lakini halitoi hata pumzi. Kalemie ndiyo nieleze. Mume wangu Bahati ni fundi wa injini za boti pale bandarini Kalundu. Mwenye boti mmoja wa Kalemie, mbali huko kusini mwa ziwa, alikuwa amemwita akawe mkuu wa karakana yake, na jibu lilitakiwa Jumatatu.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe, mashemeji wawili na watoto wetu watatu, na penye wengi pana mengi. Mama mkwe alisema Bahati aende, tena aliisifu Kalemie kuanzia asubuhi hadi tunapolala. Mashemeji walishapanga nani atarithi pikipiki. Mchungaji aliombea safari. Mimi nina ateliye ndogo ya kushona, na wasichana ninaowafundisha walishaanza kuniuliza nitaishije peke yangu, kwa maana kila mtu alijua kwamba mwanaume ndiye ataenda na mimi nitabaki na watoto. Hakuna aliyeniuliza ninaonaje. Hata Bahati mwenyewe alikuwa akinipa habari za Kalemie kama redio inavyotoa habari. Iliniuma, nikanyamaza, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Lakini nimpe haki yake: wazo la safari lilikuwa lake. Alhamisi, akinawa mafuta ya injini mikononi, alisema twende mahali penye baridi, sisi wawili tu, tutembee na tuongee, turudi Jumapili. Tukaanza kupanga. Ufuo wa Makobola tuliukataa, maana ni joto lile lile na wanaotujua wamejaa. Bujumbura nako ni joto, pamoja na mpaka wa kuvuka. Tukaamua Rurambo, juu kabisa milimani, kwenye majani na ng'ombe. Fundi mwenzake Bahati ana dada huko, Mama Nabintu, anayefuga pamoja na mumewe. Bahati akampigia simu. Alimwambia kwamba yeye na mke wake wanawaacha watoto na kupanda, wanatafuta mahali patulivu pa kuongea. Mama Nabintu akalirudia neno hilo, kuongea, kisha akasema karibuni sana.

Msomaji anayepanga safari kama hii nimwambie tulichobeba: sweta, ambazo Uvira tulicheka tulipozikunja, viatu vya kufunga, maji mengi, na kwa wenyeji, chumvi, sabuni na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu. Na aondoke mapema. Mwaka ule barabara ya bonde, ambayo mara nyingi ina hatari, ilikuwa imetupa utulivu, tukamshukuru Mungu na kuutumia.

Ijumaa asubuhi tulipanda pikipiki kabla jua halijapata nguvu. Kwanza mama mkwe alitukabidhi kifurushi tumpelekee shangazi yake Bahati aliyeko Bwegera. Bwegera iko mbele zaidi ya pale tunapokunja, si njiani, lakini nani atamkatalia? Tukapita miwa ya Kiliba, tukapita Sange, tukaingia mahali ambapo bonde ni majani makavu na minyaa mikubwa iliyosimama peke yake, na upepo unaokupiga usoni ni wa moto kama wa tanuri la mkate. Nilimshika Bahati kiunoni. Nilikuwa sijamshika hivyo barabarani tangu kabla ya mtoto wa pili, nikafurahi kama msichana.

Bwegera tulipanga kusalimia tu. Shangazi alipokea kifurushi, akatazama nyuma ya pikipiki na kuuliza, "Batoto bako wapi?" Tulipomwambia tunatembea wawili tu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akachinja kuku. Mchele wa Bwegera wakati wa mavuno hauliwi kwa haraka, na shangazi hakuruhusu sahani itoke ikiwa na kitu. Kwa hiyo mpango wetu wote wa kukwepa jua ulimalizikia mezani. Tuliondoka saa mbaya kuliko zote, tumeshiba, tukiwa na mfuko wa mchele juu ya mizigo mingine.

Baada ya chakula tulirudi upande wa Sange, tukakunja kuelekea milimani, na njia ilipowashinda magurudumu tukaiacha pikipiki kwa mkristo mmoja wa kanisa letu. Sehemu ya kwanza ya mlima ilituogesha jasho. Bahati alinifundisha kupumua, akisema nisizidishe moto, nipande kwa gia ndogo. Nikamwambia mke si injini ya Yamaha. Akajibu kwamba Yamaha haimjibu. Tulicheka, na kucheka kukatumalizia pumzi iliyobaki.

Juu kidogo hewa ikabadilika. Kwanza ubaridi ulikuja shingoni, kisha majani yakawa mabichi, kisha nikasikia kengele ya ng'ombe bila kumwona ng'ombe mwenyewe. Tulipogeuka, bonde lote lilikuwa chini yetu, na ziwa upande wa kusini likiwa limelala jeupe. Tulivaa sweta. Nilitaka kuanza kuongea pale pale, lakini jua lilikuwa linashuka na bado kulikuwa na mwinuko.

Rurambo tulifika ikiwa bado kuna mwanga. Mama Nabintu ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima mwingine. Alinikumbatia, akanitazama usoni kama anatafuta alama, akamsalimia Bahati kwa mkono tu. Mumewe, Baba Mapendo, mtu wa maneno machache, alichukua mzigo wa Bahati na kwenda nao nyumba ya chini. Mama Nabintu akachukua wangu na kwenda nao nyumba ya juu. Nilidhani ni mambo ya kupanga vyumba. Baadaye wenyeji wetu walipokunywa maziwa kwa kupokezana kibuyu kimoja, sisi tulipewa vikombe viwili, kimoja huku na kingine kule. Kisha nikaoneshwa kitanda changu, pamoja na binti yake. Bahati alilala nyumba ya chini na Baba Mapendo. Hayo ndiyo yalikuwa mapumziko yetu ya wapendanao! Nililala nikicheka chini ya blanketi, na baridi ilikuwa tamu ajabu.

Jumamosi asubuhi nilielewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Nabintu hakuona sababu ya kungoja. Alinipa ufagio, tukaingia zizini, na huko akaniuliza kwa sauti ya chini kama Bahati alinipiga. Nikasema hapana. Akauliza kama ana mwanamke mwingine. Nikasema simjui. Aliacha kufagia.

"Sasa mulikuya ju ya nini?"

"Tulikuja kupumuzika, mama. Kutembea."

"Mutu hapande huu mulima ju ya kupumuzika," alisema. "Bibi na bwana banapanda hapa ju ya kilio, ju ya mahari, ao ju ya kugombana. Kilio hakuna. Mahari hakuna. Na bwana yako alisema munatafuta nafasi ya kuongea."

Ndipo akanieleza desturi ya boma lao. Mke na mume wakija na jambo, hawalali nyumba moja na hawanywi kibuyu kimoja mpaka jambo litoke, kwa sababu maziwa hayachanganywi na kinyongo. Wapo wengi waliopandishwa kwake hivyo, na yeye na mumewe huwakalisha. Nikaapa kwamba sisi hatujagombana. Aliendelea kufagia. Nami nikajua, nikiwa na ufagio mkononi na harufu ya samadi puani, kwamba naapa nusu tu. Kinyongo nilikuwa nacho, na nilikipandisha mlima pamoja na sweta.

Mchana wa siku hiyo hiyo wakatukalisha mbele ya jiko. Sheria ilikuwa moja: anayeulizwa anasema mpaka amalize, mwingine anafunga mdomo. Bahati alianza. Akitaka kuwaonesha kwamba hatuna tatizo lolote, alieleza habari ya Kalemie yote, na aliieleza vizuri kwelikweli: karakana ilivyo, mama yake alisema nini, ndugu zake walisema nini, mchungaji alisema nini. Mama Nabintu alimsikiliza akitikisa kichwa taratibu.

"Na muke wako," aliuliza, "wakati ulimuuliza, alijibu nini?"

Bahati akanitazama. Baba Mapendo alikuwa anachonga fimbo, akaacha kisu.

"Sikumuuliza," alisema Bahati. "Minye niliona ananyamaza, nikasema iko sawa."

Moyo wangu ulijaa nikashindwa kuuzuia, nikalia mbele ya watu niliowajua tangu jana. Sikulia kwa hasira. Nililia kwa sababu kitu kidogo vile hatimaye kilikuwa kimetajwa. Bahati alisahau sheria. Alinigeukia akaniuliza, pale pale, ninataka nini. Nikamwambia sijui, anipe mpaka kesho, kwa kuwa tangu habari ianze sikuwahi kujiuliza mwenyewe. Nilikuwa nimeshughulika na kuumia. Mama Nabintu akasema basi ni kesho, na vikombe viwili vikaendelea. Niliona Bahati ametazama nyumba ya juu kama mtoto aliyenyimwa chakula.

Jumapili, kabla ya ibada, tulitembea juu ya ukingo wa mlima. Ukungu ulikuwa bado haujatoka bondeni, majani yalitulowesha hadi magoti, na ng'ombe walituangalia bila kuacha kutafuna. Bahati, mtu wa kueleza kila kitu, safari hii aliniachia nafasi. Alikuwa anangoja. Mambo mawili yalikuwa yananivuta. Baada ya kuulizwa tu, sehemu moja ya moyo wangu ilitamani kusema ndiyo, nimwone akisimamia karakana yake. Lakini nilimwona pia binti yetu Neema katika mwaka wake wa mwisho wa shule, na wasichana wangu ambao hawajajua kukata koti.

"Mwaka huu hapana," nilimwambia. "Neema amalize masomo, banafunzi bangu bamalize. Kiisha tuende sisi wote, ao tusiende. Sitaki kubaki Uvira nimeolewa na telefone."

Alikaa juu ya jiwe. Ukungu ulikuwa unafunguka, ziwa likaanza kuonekana, nalo likaenda kusini mpaka macho yakashindwa.

"Itaniuma," alisema.

"Najua."

"Labda hatangoja. Ataita fundi mwingine."

"Najua hiyo pia."

Alitazama kusini, upande wa Kalemie. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, nami nikamwinua. Bomani Mama Nabintu hakuuliza tulikubaliana nini. Alitutazama jinsi tunavyokuja, akaleta kibuyu kimoja. Bahati alikunywa, akanipa, nikanywa palipokuwa mdomo wake, na maziwa yalikuwa na ladha ya moshi. Tulisali nao, tukawaachia chumvi, sabuni, ndagala na ule mchele wa shangazi, tukashuka. Kila hatua ilitupunguzia baridi, na tulipofika kwenye pikipiki sweta zilikuwa mfukoni.

Uvira tuliingia jioni, kwenye joto letu. Nyumba nzima ilikuwa uani ikingoja. Nilijua lawama itakuja kwangu. Katika nyumba nyingi hapa, mwanaume akikataa kitu, husemwa ni mke aliyemkataza. Nilijitayarisha. Mama mkwe aliuliza, kabla hatujavua viatu, Bahati anaondoka lini.

"Siende, mama," Bahati alisema. "Minye na muke wangu tuliongea, tukaona mwaka huu haiwezekane. Kesho nitamupigia mwenye boti mimi mwenyewe."

Mashemeji walitazamana. Mama mkwe, mtu aliyeisifu Kalemie wiki nzima, alikuwa na mwiko mkononi. Akauweka chini.

"Minye nilikuwa nasema uende ju niliona umeshaamua," alisema. "Hakuna mutu aliniuliza kama nataka mutoto wangu aende mbali na minye."

Bahati alitafuta kiti, akakivuta hadi karibu na magoti ya mama yake, akakaa.

"Basi nakuuliza sasa, mama."

Mama mkwe alipangusa mikono yake kwenye kitenge, kidole kimoja baada ya kingine. Kisha akaanza, na kama mbele ya jiko la Rurambo, tukamwacha aseme mpaka amalize.