Shangazi Aliyetoka Baharini

Mtu akiniuliza kwa nini siipendi filamu mpya ya lile zimwi la baharini, hii waliyoitengeneza upya Wamarekani, mimi humuuliza kwanza: ile ya zamani uliionea wapi? Kama uliiona kwenye simu, umelala kitandani, tafadhali usinisumbue. Hatuna la kuongea.

Mimi niliionea kambini Tanzania, kwenye banda la video lililoezekwa kwa turubai, tumekaa juu ya magogo, jenereta inakohoa nje. Filamu yenyewe ilitoka Asia ya mbali huko, na lugha yake hakuna aliyeijua. Lakini tulikuwa na mtafsiri. Asubuhi mzee huyo aliuza dagaa sokoni, jioni alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Sauti ya filamu aliizima kabisa, kisha akaanza ya kwake.

Lugha ile hakuijua hata neno moja. Nimekuja kulielewa hilo ukubwani, na wala sikumchukia. Alichofanya ni kutazama picha na kutupa hadithi iliyomjia. Siku ya kwanza lile dude lilipotoa kichwa majini, meno nje, maji yanachuruzika, mzee akasema taratibu, "Haya, Shangazi huyo kafika, na taarifa hakutoa." Banda zima likaangua kicheko. Kuanzia hapo likawa halina jina jingine.

Kwa maelezo yake, Shangazi alikuwa na nyumba yake chini ya bahari, ametulia, hana ugomvi na mtu. Wakubwa wa dunia wakaja kujaribia mabomu yao juu ya paa lake. Akaondoka na alichoweza kubeba, na tangu siku hiyo anatembea akitafuta pa kutua mzigo. Zile nyumba anazozikanyaga ni kwa sababu njia ni nyembamba na yeye ni mkubwa, siyo roho mbaya. Wanajeshi wakimpiga, mzee alilalamika kwa sauti ya kike, "Jamani, mimi nauliza njia tu!" Sasa niambie, kambi nzima ya wakimbizi, nani asingemwelewa mtu huyo? Kina mama waliokuja kuuza karanga walipiga kelele, "Mpisheni apite!" Bibi mmoja aliuliza kwa dhati kabisa kama ameshaandikishwa kwenye posho.

Mwishoni alirudi majini. Alifika ufukweni, akageuka, akatutazama sisi tuliokaa kwenye magogo. Mzee alishusha sauti hapo. "Hajafa. Amechoka tu." Watu walitoka wakipenga kamasi.

Nilikuwa sijaanza shule Mama alipofariki, mwaka uleule. Picha hakuacha. Kambini nani alikuwa na picha? Nililia mpaka majirani wakachoka na mimi, na kaka yangu, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika, akaamua kunipeleka kwenye video ninyamaze. Haikuwa jambo dogo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na wazee wa kanisa walikuwa wakipita mabandani kuwatoa watoto kwa fimbo, na msichana ndiyo kabisa, hakutakiwa kuonekana mle ndani. Kaka alinivika kofia yake, akaniingiza mbele kabisa miguuni pa watu wazima, mwenyewe akasimama nyuma na wavulana wakubwa. Filamu ile ilirudiwa na kurudiwa, kwa sababu mwenye banda hakuwa na nyingine za kutosha, na sisi tulienda kila ilipowezekana. Tukirudi nyumbani nilimsimulia yote kuanzia mwanzo, yeye ananiitikia.

Baba naye alifariki kabla hatujarudishwa Burundi. Tukabaki wawili. Na mimi nina tatizo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: nikitafuta uso wa Mama kichwani, siupati. Nalipata lile dude. Namwona Shangazi anageuka ufukweni, basi. Mwaka ule wote umebaki kwangu ndani ya filamu moja, na shahidi wangu ni mmoja, kaka. Nilichokitaka duniani ni tukae tena pamoja tuitazame, aniambie "unakumbuka?", nijue kwamba sikuota.

Yeye akapata maisha Gitega. Kwanza alikwenda Bukirasazi kwenye kilima cha wazee wetu, akakuta shamba limegawanywa kama ugali wa msiba, akachukua kipande chake akampa jirani alime, akaenda mjini kujenga nyumba za watu. Mimi nilifuata mume Muyinga. Mume alivuka mpaka kwa baiskeli, upande wa Giteranyi, kwenda kutafuta maisha. Aliyapata. Akabaki nayo hukohuko. Nikabaki na cherehani yangu sokoni, kwenye kibaraza nilichopanga, na jioni nikirudi nyumbani nawasha redio ili kuwe na mtu anayeongea. Wengine huniona mkali. Mkali ndiyo, nitakuwa mpole kwa ajili ya nani?

Jirani yangu kibarazani ni Mkongomani, muuza vitenge, alikimbia Kivu Kusini. Naye aliiona filamu hiyo kwao utotoni, huko ilitafsiriwa na mtu mwingine kabisa, na katika hadithi yao dude lilikuwa mwanamume aliyedhulumiwa ng'ombe. Tuligombana wiki nzima juu ya hilo. Lakini kwenye jambo moja tulipatana. Trela la hii mpya lilipoingia kwenye simu yake, alinionyesha, akasonya. "Dada, mi nakuambia, bale batu ba Amerika banaharibu kila kitu. Mbele, mutu alikuwa ndani. Sasa iko ordinateur tu. We utalilia ordinateur?"

Alikuwa amesema kweli, kompyuta haililiwi. Ndani ya Shangazi wetu kulikuwa na mtu. Mimi niliuona mshono mgongoni, kutoka shingoni mpaka mkiani, umefichwa vibaya, na nilipoanza kushona nguo ndipo nilipoelewa kazi aliyofanya fundi yule. Vazi zito la mpira, na ndani yake binadamu anayetokwa jasho, haoni vizuri, anajikwaa. Wakimpiga risasi, aliyeyumba ni mtu. Halafu wanakuja hawa wenye fedha, wanasema hii ilikuwa ya kitoto, hebu tuitengeneze vizuri. Wanaongeza meno. Wanaongeza mvua na moshi mpaka dude lenyewe hulioni. Wanaleta baba mmoja mwanajeshi ambaye ameachana na mkewe, na filamu nzima tunahangaika na ndoa yake. Zimwi linageuka mnyama wa porini, linauawa, watu wanapiga makofi. Unaniuzia nini hapo? Kipya kinyemi ingawa kidonda, sawa, lakini kidonda ni kidonda.

Basi kaka akanipigia simu. "Mdogo wangu, ile filamu yetu imetoka mpya! Nimewekewa kwenye flash. Njoo Jumapili tuiangalie." Aliposema "filamu yetu" nilikaa chini. Matusi yote niliyoimwagia ile mpya niliyameza. Niliacha sare za shule za wateja hazijatiwa vifungo, nikafunga maharage na parachichi, nikaondoka Ijumaa, maana mafuta yalikuwa hayapatikani na gari la Gitega hujui litatoka lini. Nililala Karuzi kwa mtu wa kanisa. Jumamosi jioni nikawa mlangoni kwa kaka.

Walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Wifi alinikanda miguu kwa mafuta kama mgonjwa. Watoto wananiita masenge, ndivyo Kirundi kinavyomwita dada wa baba, na Kiswahili wanakijua kidogo tu. Kaka alikuwa amenenepa. Tuliongea bei ya saruji, tukaongea shule, na kila nilipotaka kuingiza habari za kambini, mtu aliingia na swali jingine. Nikajiambia subiri, kesho.

Jumapili, tulipotoka kanisani na kula, akaweka flash. Ilikuwa kwa Kifaransa. Watoto walikaa chini, kaka kwenye kochi, mimi pembeni yake. Moyo ulinidunda, mwanamke mzima! Dude likachelewa kutokea. Likachelewa tena. Mara mkia, mara jicho, mara moshi. Nikashindwa kuvumilia. "Hee, wamemficha kama mwali!" Watoto wakacheka, wakataka niendelee. Nikaanza kuwatafsiria yale ya mzee wa dagaa: kwamba huyu ni Shangazi, kwao kumepigwa mabomu, anauliza njia. Mkubwa wao akaniambia kwa heshima, "Masenge, hapana. Wamesema ni mnyama. Anakula mionzi."

Nilimtazama kaka anisaidie. Kaka alikuwa anaikodolea macho televisheni, mdomo wazi, amefurahi. "Kumbe ni mkubwa namna hii!" alisema.

Kumbe? Mtu aliyeiona mara zote zile anasemaje kumbe? Nikaacha kutafsiri. Dude likaanza kupigana na dude jingine, majumba yanaporomoka, hakuna hata bibi mmoja wa kuuliza habari za posho, na mimi nilikuwa nataka kulia kwa hasira. Halafu umeme ukakatika. Watoto wakaguna, wakatoka nje kucheza. Wifi akaenda kuchochea mkaa. Tukabaki wawili sebuleni, mwanga wa alasiri unaingia mlangoni.

"Afadhali," nikasema. "Kaka, nikwambie kweli? Wameiua. Shangazi wetu alikuwa anageuka pale ufukweni, unakumbuka anavyogeuka?"

"Sikumbuki."

"Utasahauje! Tumeiona mara ngapi?"

"Wewe ndiye uliyeiona," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Mimi nilikuwa naangalia mlango. Baba angetukuta mle, angetuchuna ngozi. Nilikuwa nimegeukia nje muda wote. Niliisikia tu sauti ya yule mzee."

Nilikaa pale nimeshika mapaja yangu. Miaka yote hiyo nilijua tulikuwa wawili. Nilipokuwa na njaa Muyinga nilijua, nilipoachwa nilijua: yuko mtu mmoja aliyeona nilichokiona. Kumbe mle ndani nilikuwa peke yangu, na aliyekuwa nami alinipa mgongo ili nisichapwe. Utamkasirikia mtu kama huyo? Nilitamani nimkasirikie, nikashindwa.

"Sasa huyo Shangazi," nikamuuliza, "wewe ulikuwa unamwonaje?"

"Nilimpa sura mwenyewe."

"Sura gani?"

Alijikuna kidevu. Niliona anaona aibu. "Ya Mama. Ningempa ya nani? Mzee anasema mwanamke huyo anatembea na mzigo, hana pa kuutua, kila anapofika anafukuzwa. Mimi nikamwona Mama, hivihivi, na kitenge chake. Ndiyo maana sikugeuka hata siku ambazo Baba alisafiri. Wavulana walinivuta, njoo uone, njoo uone. Nikasema nikigeuka nitakuta dude, na Mama ataondoka."

Yeye alikuwa amemlinda Mama kwa kutotazama. Na mimi nilikuwa nimetazama.

"Alikuwaje?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Mama."

Akanigeukia mzima mzima. "We! Humkumbuki?"

Nilitikisa kichwa tu, na machozi yakaanza yenyewe, mbele ya kaka yangu, mchana kweupe, mtu na mvi zangu. Alinisogelea akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu kwa saruji. Akaanza kunieleza, polepole, kwa uangalifu. Kwamba alikuwa mweusi kuliko sisi. Kwamba meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya, na akicheka aliufunika kwa ulimi. Kwamba alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, la kuanguka mtoni, na shingo ndefu, na alipokuwa akisuka nywele zangu aliimba kwa pua. Alieleza kila kitu, hakuacha. Nilifumba macho nikayapanga yote: mwanya, kovu, shingo. Yalikuwa mazuri, nami nilimwamini kwa kila neno, lakini aliyekuja alikuwa mwanamke wa kuelezwa, mgeni, aliyetengenezwa na mtu mwingine vizuri sana. Hakuwa wangu.

"Umemwona sasa?" kaka akauliza, na sauti yake ilikuwa na furaha kama ya mtu aliyenipa zawadi.

"Nimemwona, kaka," nikamwambia. "Nimemwona kabisa."