Kitambaa Cheusi Kwenye Spoku

Gurudumu la pikipiki likishavishwa tairi jipya, kazi haijaisha. Hilo nililigombania kila siku pale gereji ya Shinyanga, miaka ya hamsini, na wenzangu wakinicheka. Unalitundika kwa ekseli yake, unalizungusha polepole, unaliacha. Likitulia, upande mzito ndio ulio chini. Basi upande wa juu unafunga kipande kizito cha madini ya risasi kwenye spoku, unajaribu tena, mpaka gurudumu litulie popote unapoliachia. Risasi yangu niliitoa kwenye betri zilizokufa. Ili isiteleze, niliizungushia kitambaa cheusi na kukishona kwa uzi.

Kiangazi kimoja niliifanyia hivyo pikipiki ya misheni, aliyoiendesha katekista mmoja wa Didia. Alikuja kuichukua, akanisalimu kwa heshima, akaondoka. Sikumweleza neno. Mimi Mwislamu wa Tabora, fundi wa mjini. Niliona mtu wa shamba atanichosha kwa maswali tu.

Siku ya tatu, Ijumaa, alirudi juu ya lori la pamba, pikipiki imelazwa kando yake, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Usukani ulikuwa umetetemeka njiani hadi ukamtoka mikononi. Tajiri wetu, mwenye gereji, mtu mpole ambaye siku hiyo hakuwa mpole, akaniita mbele ya wateja. Akasema kama ni mimi niliyeharibu lile gurudumu, nikusanye vyangu niende. Nikainama kutazama. Risasi haikuwepo. Kwenye spoku kilibaki kipande cha uzi kilichokatwa kwa kisu.

Nani angeniamini? Nilikasirika.

Aliyenitetea ni katekista. "Yaya, hapana, tajiri, usimfukuze. Niliikata mimi." Akauonyesha ule uzi. "Niliona hirizi. Nikasema, huyu fundi kanifungia dawa."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu wa dini, anayewakataza watu hirizi mwaka mzima, kaogopa kitambaa cha fundi! Hata tajiri alicheka. Nami nilitaka kucheka, lakini nikaona jasho likimtiririka usoni, nikaona aibu. Angenyamaza tu, kazi ningeikosa, na huko kwao hakuna ambaye angejua.

Nikalitundika gurudumu, nikamwambia alizungushe mwenyewe kwa ule mkono mzima. Alizungusha mara nne, na mara zote upande uleule ulishuka chini.

"Kumbe ni uzito tu," akasema.

"Ni uzito tu, Mwalimu. Ningekuambia siku ile, usingeumia."

Nikakata risasi mpya, nikachukua kitambaa changu cheusi. Akakitazama, akanitazama.

"Fundi," akasema taratibu, "cheupe huna?"

Gereji nzima hapakuwa na kitambaa cheupe, ila kanzu yangu ya Ijumaa iliyotundikwa msumarini ikinisubiri adhuhuri. Nikaishusha, nikachana upindo wake, nikafunga.